Pete ya Pili ya Lenzi ya Neema

Jumamosi, Ilongero

Bado simwamini huyu mpwa wangu Neema. Amekuja na lenzi ya kupiga picha za nyuki kwa karibu, ina pete mbili. Moja inasogeza picha. Ya pili, kasema mwenyewe, inaitia picha ukungu. Nani ananunua kitu cha kuharibu picha? Nikajua anataka kuficha alama yangu kwenye mzinga wangu, auze asali kwa jina la mwingine.

"Hiyo pete irudishe sifuri," nikamwambia. "Mzinga huu niliuchonga siku moja, simba akiniangalia. Watu waione alama yangu."

"Sawa, mjomba. Picha inabandikwa kwenye chupa za asali, wilaya nzima wataiona."

Akapiga, akanionyesha. Nyuki ana manyoya mpaka miguuni! Alama yangu safi. Na chini yake, ile ya shemeji Juma niliyoikwangua, inaonekana yote. Shemeji mpaka leo anautafuta mzinga wake.

"Mjomba, hii nyingine ya nani?"

"Ufa wa mti."

Akanitazama. Hata simba hakunitazama vile.

Nikamwomba apige tena, na ukungu. Akakubali haraka mno. Ile picha ya kwanza sikumwona akiifuta.