Mama, Usisubiri Nyumba Iezekwe

Mama yangu, shikamoo,

Hilo uliloandika katika barua yako, kwamba nyumba bado haina paa, ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Uliandika, "Msije kwanza, mkwe nitamweka wapi?" Nami nilikuwa nimekubali, mpaka gari la sinema lilipokuja jana jioni hapa Tabora.

Tulikaa kwenye majani, Yosefu na mimi, mkono wangu ndani ya mkono wake. Ndoa ina miezi mitatu, na bado akinishika mkono nasahau nilichokuwa nikisema. Filamu ilikuwa ya maisha ya shamba ya zamani. Mama mmoja alianika vipande vya viazi juu ya jabali, akamwacha binti yake avilinde mbuzi wasile. Mama, nilikuona wewe, hata kwa jinsi alivyofunga khanga kiunoni.

Unaikumbuka michembe yako, vile viazi vyako vya kuanika? Uliniacha niilinde, ukarudi ukakuta nusu. Nikasema mbuzi wamekula. Ukanishika kidevu: "Hebu fungua mdomo nimwone huyo mbuzi." Marehemu baba alipouliza mbona kikapu hakijajaa, ukamjibu bila kunitazama, "Mbuzi wa mwaka huu wasumbufu, Baba Anna." Nilijificha nyuma ya kinu nikicheka.

Yosefu akaninong'oneza, "Kwenu kulikuwa hivi?"

Nikasema ndiyo, ila msonge wetu ulikuwa mkubwa kuliko nyumba ile ya kwenye filamu.

"Nipeleke nikauone."

Hapo machozi yakanitoka. Sikuwa nimemwambia kwamba msonge ule tuliuacha tulipohamia kijiji cha Ujamaa, kwamba baba alifariki kuta za nyumba mpya zikiwa zimefika kifuani, na kwamba hadi leo unalala jikoni. Niliona aibu ileile unayoiona wewe. Nikamwambia yote.

Filamu ikaisha. Kisha akauliza, "Nyasi za kuezekea huko zinapatikana?" Nikadhani anabadili mazungumzo. "Mimi mtu wa Bukene," akasema. "Nimeanza kupanda mapaa kabla sijaenda shule. Mama analala jikoni, mimi nimekaa natazama sinema?"

Mama, mume huyu nilimpata wapi?

Basi usiazime kitanda kwa mtu, wala usiandike tena kwamba tungoje. Waombe wenzako wakusaidie kukata nyasi, uzianike vizuri. Sehemu iliyobaki ya kuta ataimalizia yeye, mimi nikimkandia udongo. Kabla mwezi huu haujaisha tutashuka stesheni ya Goweko, na hatutaondoka mpaka ulale ndani ya nyumba yako.

Akupendaye sana,
Binti yako, Anna