Kabla Hamjanisomea Historia ya Marehemu

Ipyana,
Kyela.
14 Aprili 2024

Mpendwa mwanangu Doreen,

Ugonile. Natumaini huko Gaborone mnaendelea vizuri, na kifua cha mjukuu wangu Lusungu kimetulia. Huku mvua haijaacha. Maji yameingia kwenye kokoa za bondeni na mpunga wa Makwale umelala. Mimi bado nipo, ila sauti imekwenda na saratani ya koo. Kurasa hizi atazipiga picha na kukutumia muuguzi Anitha, anayekuja kunifunga kidonda. Ni mtu wa Kilosa, hana upande katika ukoo wetu.

Soma ukiwa umekaa.

Unajua kwamba baba yako Yakobo, kaka yangu, alifanya kazi nami katika maabara moja ya utafiti, mbali na nyumbani. Yeye alilisha kima walioletwa kutoka Asia; mimi nilipima virusi vyao. Kima hao hubeba kirusi ambacho ni ndugu wa kile kinachotutoa sisi malengelenge mdomoni. Kwao ni kidonda kidogo. Kwa binadamu huweza kupanda hadi ubongoni.

Vipimo vya zamani viliwachanganya ndugu hao wawili. Kisha tukapata kingamwili za ukoo mmoja: askari wa damu wanaotokana na seli mama moja, wote wakitafuta alama ileile. Unawatia rangi, unawadondosha kwenye kioo chenye seli, unatazama kwa hadubini. Kirusi kikiwapo, seli huwaka kijani. Kisipokuwapo, giza.

Seli za dume mmoja ziliwaka. Niliziona. Kusema hivyo kungemaanisha kundi zima liuawe, utafiti ufungwe, na sisi wawili turudi kulima mpunga. Nikajiambia ni uchafu tu wa kioo. Nikamwambia mkuu wangu kundi ni safi, naye aliniamini.

Baba yako alipokuwa akisafisha kizimba, dume huyo alimparura mkono. Nilimfunga kitambaa mwenyewe. Akanitania, "Funga vizuri, msomi, usije ukanipima na mimi." Nikacheka. Dawa ya kukiwahi kirusi ilikuwapo, lakini kuiomba kungekuwa kukiri.

Mkono ukafa ganzi. Ikaja homa, kisha akaanza kuwaita watu waliokwisha kufa. Daktari aliniuliza kama mgonjwa amewahi kuumizwa na mnyama. Nikasema hapana.

Unakumbuka nani alisoma historia ya marehemu makaburini? Ni mimi. Watu walisubiri sehemu ya ugonjwa, kama ilivyo kawaida yetu. Nikasoma, "Aliugua ghafla," nikakunja karatasi. Kabla udongo wa kaburi haujakauka walikuwa wamekwisha kuijaza wenyewe nafasi niliyoiacha, kwa jina la mama yako. Tereza alitoka hapa na kapu moja kichwani, wewe ukilia mikononi mwa shangazi zako. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, kimya.

Hakumroga baba yako. Muuaji nilimjua mimi, tena kwa rangi yake.

Yangeishia hapo, huenda ningekufa na aibu yangu. Lakini mama yako yu hai, anauza dagaa wa usipa Itungi, na kaka yako Godwin, niliyemzaa mimi, anasema ndiye anayenila koo. Jumapili iliyopita nilimwita Godwin nikamnong'oneza haya yote. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia binamu yenu Aliko.

"Umesikia? Kamfunga sauti, sasa anasemea ndani yake."

"Pumzika, baba mdogo," Aliko akaniambia. "Ukishalala, tutamalizana naye sisi."

Hawakuwa na hasira. Walisema kwa upole, huku wakinirekebishia blanketi. Wanangoja mazishi yangu tu.

Nilimtuma Anitha akamwonye mama yako. Alirudi na jibu hili: "Mwambie shemeji nilikimbia mara moja, nikaitwa mchawi. Sikimbii tena."

Najua hujazungumza naye tangu siku ile. Nilikunyang'anya mama, nikakulipia ada ya shule, ukaniita mwema. Nichukie ukitaka, lakini njoo. Godwin anakuogopa wewe peke yako. Pitia Itungi kwanza, umchukue mama yako, ndipo uje kwangu. Ukikuta nimekwisha lala, usimwachie mtu mwingine karatasi. Simama karibu na jeneza, kabla ya udongo, umshike mama yako mkono, na sehemu ya ugonjwa uisome hivi:

"Marehemu Andongwisye amekufa kwa saratani ya koo, iliyoonekana hospitalini. Kaka yake Yakobo aliparurwa na kima mwenye kirusi. Marehemu alijua, akanyamaza. Tereza hana hatia."

Watu wetu hawamkatizi anayesoma historia ya marehemu. Nalijua hilo kuliko wote; ndivyo nilivyoponea.

Msalimie mumeo Philemon, na umbusu Lusungu. Mama yako mdogo Maria anakusalimu, hajui ninachokuandikia. Kyala akutangulie njiani. Ndaga fijo kwa miaka yote uliyonikumbuka katika sala, nisiyostahili.

Wako akupendaye, niliyechelewa kukuonyesha kwa kweli,

Baba yako mdogo,
Andongwisye

Anitha anasema barabara ya Itungi bado inapitika.