Tulirudi kwa Ajili ya Mama

Jumapili, 5 Januari

Vidole vimepasuka tena. Mafuta ya mgando hayasaidii. Ofisini nilikuwa na kiyoyozi na nikilalamika kwamba kinatoa baridi mno — Mungu husikia.

Leo nimemkuta mume wangu mbele ya kioo, anajifunga tai. Aliponiona akasema anatafuta kamba ya kufungia mizabibu. Kamba ya hariri? Sikumwuliza.

Jumanne, 14 Januari

Vibarua wametupa majina. Mume wangu ni Mkurugenzi. Mimi ni Bibi Riba, ati nikimwazima mtu mkasi namwuliza utarudi lini. Nilicheka nao. Baadaye, peke yangu kisimani, sikucheka.

Mwaka jana wakati kama huu yeye alikuwa benki, idara ya mikopo. Mimi kampuni ya bima, nikitathmini hasara za watu wengine. Baba mkwe alipofariki, mume wangu akakosa raha kabisa. Mama yuko peke yake na shamba lote lile. Mama ataumia mgongo. Mama atazeekea kwenye mapipa ya divai. Alisema hivyo mpaka na mimi nikaanza kusema hivyo. Tukaacha kazi wote wawili katika wiki moja. Nyumba tukaiuza. Keki ya kuniaga ilikuwa na kichala cha zabibu cha sukari juu yake, na mimi nikakipiga picha kama mjinga.

Alhamisi, 23 Januari

Nimeambiwa jambo ambalo heri nisingeambiwa.

Tulikuwa mstari wa juu, mimi na Mama mkwe, tunapunguza majani ili vichala vipate jua. Nikamsifu. Nikasema anavyolipenda shamba hili, hata majani anayachuma kama anayemchana mtoto nywele. Akaguna.

"Mwanangu, shamba hili sijalipenda hata siku moja."

Nilidhani ni utani wa mkwe. Hakuacha kuchuma. Akanieleza kwamba aliletwa hapa bibi harusi, msichana aliyekuwa anajifunza ushonaji mjini, na cherehani yake ikabaki huko huko. Mwenye mapenzi na mizabibu alikuwa Baba mkwe. Alipokufa, Mama alimlilia kweli. Kisha akamwita jirani wa ng'ambo ya barabara, ambaye miaka yote amelitamani shamba, wakakubaliana amwuzie. Vyombo alishavifunga. Chumba alishakichagua — kwetu mjini! Kile kidogo kinachotazama barabarani, nilichokuwa naanikia nguo mvua ikinyesha. Alitaka kukaa dirishani aone watu wakipita.

Ndipo mwanawe akapiga simu. Mama, tumeacha kazi, tunakuja kukusaidia.

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Ungeisikia sauti yake siku ile. Ningeanzia wapi?"

Akaniapisha nisimwambie. Nikaapa. Mdomo huu!

Ijumaa, 24 Januari

Nimeshindwa kumtazama mume wangu wakati wa chai. Akauliza kama naumwa. Nimesema jino.

Jumamosi, 8 Februari

Mvua ya mawe. Haikuchukua hata muda wa birika kuchemka. Kelele juu ya bati kama mtu anamwaga kokoto, kisha kimya. Kimya ndicho kilichonitisha.

Vichala vimepasuka, vimetapakaa matopeni, na harufu tamu kila mahali — shamba zima linanuka kama jamu. Zabibu zilikuwa zimebakiza siku chache tu kuiva.

Mume wangu alitembea mstari hadi mstari, hana kofia, anayainua matawi na kuyaachia. Mama alisimama barazani na kanga mabegani. Akasema pole. Hakusema alimwambia nani.

Mimi nilikuwa nalipwa kufika kwa watu siku kama hii. Naangalia, naandika "hasara kubwa", naomba sahihi, naondoka. Sijui niliwezaje.

Jumapili, 9 Februari

Asubuhi nimemkuta chumba cha mapipa, amekaa juu ya pipa tupu lililolazwa. Nikakaa karibu naye.

Akasema tulikosea. Taratibu, bila kulia. Akasema anaikumbuka hata foleni ya lifti. Kwamba akiamka kuna kitambo kidogo hajui yuko wapi, na hicho ndicho kipande cha siku anachokipenda.

Nikamwambia basi, turudi. Tuanze upya, tutapanga chumba kimoja, wala sijali.

Alinitazama kama nimemtukana mzazi.

"Na Mama? Hili shamba ndilo roho yake. Isingekuwa yeye ningeondoka leo hii."

Maneno yalinijaa kinywani kama zabibu mbichi. Nikayameza. Kiapo ni kiapo. Au ni woga tu, nimeupa jina zuri?

Mimi nilikuja kwa ajili yake. Yeye alikuja kwa ajili ya Mama. Mama amebaki kwa ajili yake. Kila mtu amembeba mwenzake mgongoni, na hakuna anayetembea.

Alhamisi, 20 Februari

Nimemwendea Mama jikoni. Nimemwomba anifungue kiapo. Nimemweleza kila kitu alichosema mwanawe, hata habari ya lifti.

Aliendelea kumenya kitunguu kilichokwisha kumenywa. Kisha akasema hapana. Akasema mtoto amempoteza baba, amepoteza mavuno. Leo akiambiwa kwamba hata kazi aliiacha bure, atasimama na nini?

Nikamchukulia kisu, nikakikata kile kitunguu.

Jirani alipita jioni, akasimama kwenye uzio. Pole za mvua. Halafu kwa kuzunguka zunguka akasema ameonyeshwa shamba jingine, kule chini mtoni, na wenyewe wanataka jibu Ijumaa ya wiki ijayo. Alimtazama Mama alipokuwa anasema. Mama akamtakia heri.

Jumatano, 26 Februari

Tumevuna kilichosalia. Vibarua walikuwa wapole kwetu. Hakuna aliyeniita Bibi Riba. Bora wangeniita.

Ijumaa, 28 Februari

Naandika jikoni, mchana, haraka.

Mume wangu aliondoka alfajiri bila kusema aendako. Nilifurahi! Nilidhani ameenda mjini kuulizia kazi. Nikapiga deki nyumba nzima huku naimba.

Amerudi na lori. Limejaa miche. Mizabibu mipya, aina ngumu, zabibu zake zina ganda nene, amesema hata mawe yakinyesha itastahimili. Itachukua miaka kuzaa. Ameyasema hayo akitabasamu — lile tabasamu la zamani la kumpa mteja mkopo ambao yeye mwenyewe asingeuchukua. Akamkumbatia Mama. Akamwambia ni kwa ajili yake, asione mwisho wa shamba kwa macho yake.

Mama akasema ahsante, baba. Akaenda kuchukua mabuti.

Jirani yuko ng'ambo, namwona kutoka hapa. Ameegemea gari lake. Leo ndiyo Ijumaa ya jibu, na hajaenda mtoni bado.

Mume wangu ananiita nitoke na simu nipige picha, Mama akipanda mche wa kwanza. Nimejibu nakuja. Nimejibu mara mbili.

Dereva amezima injini. Anauliza ashushe au asubiri. Mume wangu amemwambia mwenye shamba ni huyu hapa, ongea naye.

Mama amekaa kwenye ngazi ya baraza. Buti moja liko mguuni, la pili liko mkononi. Dereva ameuliza tena. Mama hamtazami dereva, hamtazami mwanawe. Ananitazama mimi dirishani, na buti halivai.