Bastola ya Kitako cha Mpingo

Baba Zuhura, mume wangu,

Nakuandikia mchana huu nikiwa nimeukomea mlango kwa ndani na kuuegemeza mchi. Balozi wa nyumba kumi nimemwambia nina homa, ndiyo maana sikwenda shamba la kijiji. Kutetemeka natetemeka kweli, ila si homa.

Tangu uvuke mto pale Kilambo kwenda kumzika wifi yangu ng'ambo, mihogo tuliyoipanda pamoja imeshanifika magotini. Watu wakiniuliza nawaambia matanga ya kwenu ni marefu. Wanaitikia, halafu wanatazamana.

Unakumbuka kibaraza chetu kule shambani, kabla hatujahamishwa? Wenzako walifuga mbuzi, wewe ukafuga vyuma. Mtu akilima kwenye mikorosho jembe likigonga bastola ya vita vya Mjerumani, anakuletea, nawe unamtengenezea cherehani yake bure. Nyumba nzima ikanuka mafuta ya cherehani, hata ubwabwa. Nilinung'unika sana, lakini ulipokuwa unazikagua nilikuwa naacha kupepeta mchele nikutazame. Kwanza uzito mkononi, kisha mhuri chini ya kutu, kisha namba za mwilini na za kile kikopo cha risasi, kama zinafanana. Mwisho unakizungusha kikopo sikioni. "Sikiliza, Mama Zuhura. Hii imekufa." Karibu zote zilikuwa zimekufa, na mimi nikashukuru.

Moja tu ilikuwa imelala. Ya Mwingereza, inayokunjuka katikati. Ubao wa kitako ulikuwa umeliwa na mchwa, ukaichongea mwingine wa mpingo, ukausugua mpaka ukawa laini kama kichwa cha mtoto. Ulipokizungusha kikopo chake kikalia tik, tik, tik. Ulifurahi! Mimi nikaenda kufunga dirisha. Vita viko hapo ng'ambo ya mto, na mtu wa huku akikutwa na silaha anaitwa jasusi wa Wareno kabla hajafungua mdomo.

Ndipo lilipokuja lori la kutuhamisha. Nilikusihi uvitupe vyote mtoni. Ukavificha chini ya vinyago vya jando, katika sanduku ulilorithi kwa wajomba zako, ambalo mwanamke haruhusiwi hata kulichungulia. "Hapa hakuna atakayepekua," ulisema. Hukujua kwamba mkuu wa mgambo angekuwa mtu wa bara.

"Fungua hili!"

"Afande, hapa kuna kina mama," wakasema vijana wa kwetu.

"Kina mama wageuke!"

Tukageuka. Nilisikia bawaba zikilia, kisha sikusikia kitu. Nilikuwa naitazama ndoo yangu na kuwaza kwamba nitakuwa mjane huku nimegeuka nyuma. Kifuniko kikafungwa. "Pakieni," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Kumbe vile vinyago vyenye nywele za watu vilimtosha. Ndani ya lori ulicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka, na hofu ya siku ile haijanitoka hadi leo.

Sasa sikia. Jana mjomba wako alikuja, akasimama pale uani. "Mwanangu, watoto wameshaingia kumbini. Ijumaa tukitoka msikitini tutakuja kuchukua sanduku. Wewe usiliguse." Nikasema ndiyo, mjomba. Angekuja kulichukua, angelifungua mbele ya wazee wote, na jioni ile ile Zuhura angekuwa hana baba wa kumtaja kwa watu.

Kwa hiyo leo nimeligusa. Naogopa hata kuandika. Nilijifunga kanga machoni ili angalau nisione, nikaingiza mikono. Nilishika nywele. Nilishika mdomo wa mti wenye meno, nikajikojolea kidogo, usinicheke. Nikapita chini yake mpaka kwenye chuma, nikazitoa moja moja, nikizipapasa kama ulivyonifundisha. Hii nzito, haikunjuki, ya Mjerumani, imekufa. Hii kikopo kimegandamana, imekufa. Nyingine haina mtutu. Zote nimezitumbukiza chooni na kuzimwagia majivu.

Kisha nikarudi kuitafuta ya mpingo. Nimepapasa pembe zote. Nimepapasa hata ndani ya vinyago, Mungu anisamehe. Haimo.

Nimekaa hapa chini na kanga bado imening'inia shingoni. Kumbe ile asubuhi ya safari ulipokataa nikubebee mfuko mpaka njia panda, ulikuwa umeshaiamsha. Risasi umezipata wapi, Baba Zuhura? Na kwa nani? Jana nilikuwa naogopa watu watakaokuja kwetu Ijumaa. Leo naogopa watakaokukuta wewe huko uliko, wakupekue mfuko, bila kinyago cha kuwatisha.

Ijumaa mjomba wako atakuta vinyago tu. Nimevipanga kwa kupapasa, sijui kama vimekaa sawa. Atajua nimeligusa.

Ukiitupa mtoni, rudi. Ukiwa bado unayo, rudi hivyo hivyo. Mlango nitaufungua ukibisha, na sitakuuliza dada yako amezikwa wapi.

Mkeo anayekuogopea,
Mama Zuhura