Kifungashio cha Dereva: Kikao cha Kumi na Moja cha Kikundi cha Mkanda

SIRI. Ndugu mjumbe utakayekabidhiwa karatasi hizi, nakuomba kwa heshima zote: usizisome mezani, usizitie kwenye mfuko wa shati, na usimwambie mtu neno hata moja, hata mwenzi wako, hata kwa utani. Juu ya mizani ya ghala kuna kibao cha Meneja kisemacho MIZANI HII NI YA MIZIGO TU. Sisi tumeipanda wiki kumi na moja mfululizo, na kila kilo imeandikwa kwa mwandiko wangu, ambao Meneja anaujua. Mimi bado niko kwenye miezi ya majaribio.

TAREHE: Ijumaa ya pili ya mwezi
MAHALI: Ghala la vifurushi, nyuma ya rafu ya mizigo isiyo na mwenyewe

WALIOHUDHURIA
1. Msimamizi wa Ghala, maarufu Mzee Kamba: Mwenyekiti
2. Mama Stempu wa dirisha la kwanza: Mjumbe
3. Winchi, mpakiaji: Mjumbe
4. Dereva wa lori namba mbili, kwa sasa mlinzi wa geti: Mjumbe
5. Karani wa dirisha la tatu: Katibu

HAKUHUDHURIA
Fundi wa Mizani, kwa taarifa. Alituma ujumbe kwamba amealikwa harusini na kwamba "leo sihesabu kitu, msinitafute".

KUMB. NA. 1/11: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa 10:35 jioni, baada ya Winchi kuthibitisha kwamba gari la Meneja limeondoka. Aliwakumbusha wajumbe kwamba kila mmoja ameahidi kuandika kila anachokula pamoja na kalori zake, mpaka mkanda wake ufungwe tundu la tatu.

Aliongeza kwamba kwa Dereva jambo hili si la mkanda peke yake. Daktari wa kampuni alimwondoa kwenye usukani kwa sababu ya presha na uzito, akamwambia atarudi akiwa chini ya kilo mia moja. Kipimo ni Jumatatu hii asubuhi. Akizidi, lori namba mbili atapewa mtu mwingine, na geti litakuwa kazi yake ya kudumu.

KUMB. NA. 2/11: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA

Swali la kuonja lilirudi. Mama Stempu alieleza kwamba anayepika lazima aonje, na kuonja si kula, kwa hiyo hakuandikwi. Winchi aliuliza ni vijiko vingapi vya kuonja vinavyofanya sahani moja. Mama Stempu alimjibu kwamba yeye hajawahi kupika hata maji yakachemka, basi anyamaze. Mwenyekiti aliahirisha ajenda hii kwa mara ya nne.

KUMB. NA. 3/11: KUPIMA UZITO

Upimaji ulifanyika kwa kufuata Kanuni ya Tano, yaani mjumbe akipanda mizani wengine wote hugeukia ukutani ili asione haya. Katibu peke yake ndiye anayetazama, naye hutakiwa kutazama mshale tu.

Inakumbushwa pia kwamba uzito wa mjumbe huandikwa kama uzito wa kifurushi chochote hapa kazini: mzigo hupimwa ukiwa ndani ya kifungashio, kisha uzito wa kifungashio hutolewa. Kwa wajumbe, kifungashio ni nguo na viatu, nacho kilikadiriwa kuwa kilo 1.5 kwa kila mtu tangu kikao cha kwanza.

Mama Stempu alionekana ameshuka kilo sita tangu tuanze. Alipigiwa makofi ya vidole viwili ili sauti isifike mtaani. Winchi ameshuka kilo nne. Mwenyekiti hakushuka wala hakupanda. Alieleza kwamba ni mifupa.

Dereva alifika mbio kutoka getini akiwa na ruhusa ya dakika kumi. Mizani ilisoma 107.6. Katibu alitoa 1.5 kama kawaida, akaandika 106.1.

KUMB. NA. 4/11: TUHUMA DHIDI YA DEREVA

Mama Stempu aliomba nafasi, akaeleza kwamba hana ugomvi na mtu, ila ukweli lazima usemwe. Wiki mbili zilizopita Dereva alikuwa kilo 101.2. Wiki iliyofuata alihamishwa kutoka meza ya kuchambua barua, alikowekwa kwanza baada ya usukani, kwenda getini, na siku ya kupima akaandikiwa 107.3. Kilo sita kwa wiki moja.

"Na pale getini anasimama nani?" aliuliza Mama Stempu. "Si yule kijana wa chipsi? Anakaanga tangu asubuhi mpaka jioni, mafuta yanalia. Shemeji yangu, daftari lako linasema kalori elfu moja na mia nane. Tumbo lako linasema habari nyingine kabisa."

Dereva alijibu kwamba hajala chipsi hata moja.

"Hata moja?" aliuliza Winchi. "Kaka, mimi nikipita tu pale napanda nusu kilo."

Dereva aliweka daftari lake mezani na kuomba lisomwe na yeyote anayetaka. Alieleza kwamba mkewe humpimia wali kwa kikombe na kukata kilele kwa mgongo wa kisu, na maharage humhesabia kama anayehesabu dawa.

Mama Stempu alisema njia ya mwongo ni fupi. Alitoa hoja kwamba Dereva aondolewe kikundini kwa kuharibu takwimu. Hapo hatua zilisikika koridoni. Kikao kilinyamaza kwa muda wa dakika mbili. Alikuwa mfagizi.

Mwenyekiti aliuliza kama hoja inaungwa mkono. Winchi alieleza kwamba mkono wake unauma tangu asubuhi na hawezi kuuinua upande wowote. Mwenyekiti alimtaka Dereva aseme la mwisho.

"Mzee, sina la kusema," alisema Dereva. "Nimekaa na njaa wiki kumi na moja. Watoto wanakula, mimi naandika. Kama mizani inakataa, basi inakataa. Jumatatu siendi kwa daktari kuaibishwa. Nitampelekea Meneja ufunguo wa lori mwenyewe, yaishe."

Iliandikwa kwamba Dereva alijifuta uso kwa mkono wa koti.

KUMB. NA. 5/11: TAARIFA YA KATIBU

Katibu aliomba kusema jambo. Kisha aliomba kutolisema. Mwenyekiti alimwambia, "Mwanangu, sema, hapa hakuna wa kukutafuna, wote tuko kwenye hesabu."

Katibu alieleza kwamba amejumlisha upya siku zote saba za daftari la Dereva na hakukuta kosa. Kwa ruhusa ya mwenyewe alisoma baadhi ya maandishi yake: "Mkate aliobakisha mtoto, robo kipande: 20." "Chai, sukari nusu kijiko, nilitaka kimoja: 10." "Chipsi za getini, harufu tu: 0."

Katibu alieleza kwamba mtu anayeandika harufu hawezi kuacha kuandika sahani. Kwa hiyo kosa lazima liwe mahali pengine, na mahali penyewe ni kwa Katibu.

Alieleza kwamba Dereva alipokuwa meza ya barua alipanda mizani akiwa na shati, suruali na viatu vyepesi. Alipohamia getini alianza kupanda akiwa na sare ya mlinzi, kwa sababu huruhusiwa kutoka kazini kwa dakika chache na hana muda wa kuvua. Tena amri ya getini inasema funguo za ghala zisitoke mwilini mwa mlinzi. Wajumbe hawakuliona hilo kwa kuwa walikuwa wamegeukia ukuta. Katibu hakuliona kwa kuwa alikuwa akitazama mshale. Kifungashio kilibadilika, na Katibu akaendelea kutoa kilo 1.5. Mzigo wa mteja ukipimwa hivyo, karani hufukuzwa.

Katibu aliomba radhi na kusema yuko tayari kwa hatua yoyote, ila aliomba kwanza kifungashio kipimwe.

Kuhusu funguo, Mwenyekiti alieleza kwamba amri inamruhusu Msimamizi wa Ghala kuzipokea kwa sahihi. Alitia sahihi kwenye kitabu cha geti. Dereva alivua kitu kimoja kimoja, na kila kimoja kilipimwa hadharani, wajumbe wakitazama, Kanuni ya Tano ikiwa imesimamishwa kwa muda:

Buti zenye chuma mbele: 2.6
Koti zito: 2.4
Kitita cha funguo za ghala zima: 1.9
Rungu: 0.8
Tochi kubwa: 0.7
Mkanda wa ngozi na pochi zake: 0.5

Jumla ilikuwa kilo 8.9. Winchi aliinua koti na kusema hili si vazi, ni abiria.

Katibu alikokotoa kwenye karatasi kwamba 107.6 ukitoa 8.9 inabaki 98.7. Mwenyekiti alisema karatasi haitoshi. Dereva alipanda mizani kwa soksi. Mshale ulipita mia moja, ukarudi, ukatikisika, ukasimama kwenye 98.7.

Kikao kilishindwa kuendelea kwa utaratibu kwa muda. Makofi hayakuwa ya vidole viwili. Winchi alimbeba Dereva kutoka kwenye mizani na kumzungusha, huku akisema sasa anabebeka. Mwenyekiti alieleza kwamba wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako, na aliirudia methali hiyo mara tatu.

Katibu alikumbusha kwamba shati na suruali vilikuwa bado havijatolewa kwenye hesabu. Dereva alikataa. "Ziache zibaki," alisema. "Nisije nikaambiwa nimependelewa."

Mama Stempu aliomba nafasi. Alieleza kwamba anaondoa hoja yake. Alipoulizwa kama ana la kuongeza alisema, "Shemeji, ulimi hauna mfupa. Nisamehe." Dereva alimjibu kwamba dada asiyekusema huyo hakupendi, na kwamba wiki ijayo amletee mkewe sufuria moja ya kupimia, kwani sasa anatumia kikombe. Mama Stempu aliomba pia iandikwe kwamba kuanzia leo kuonja kutahesabiwa, na kwamba yeye mwenyewe anakadiria vijiko kumi na vinne kwa siku. Ajenda ya kuonja ilifungwa.

KUMB. NA. 6/11: MAAZIMIO

Iliazimiwa kwamba kifungashio cha kila mjumbe kipimwe upya kila wiki. Iliazimiwa pia kwamba Katibu asichukuliwe hatua yoyote. Katibu aliomba azimio hilo lisomwe mara ya pili, likasomwa.

KUMB. NA. 7/11: KUFUNGA KIKAO

Dakika kumi za Dereva zilikuwa zimekwisha zamani. Alivaa, akarudishiwa funguo kwa sahihi, akaenda getini akijaribu mkanda wake njiani. Ilishuhudiwa na wajumbe wote kupitia dirishani kwamba ulifika tundu la tatu. Kikao kilifungwa saa 11:50 jioni.

Mzee Kamba, Mwenyekiti (sahihi)
Karani wa dirisha la tatu, Katibu (sahihi)

NYONGEZA, Jumatano: Mwenye masahihisho asiniite jina kwa sauti mbele ya wateja. Apange foleni dirisha la tatu kama mteja, anikabidhi bahasha tupu isiyo na stempu, nami nitajua. Asinipigie simu ya ofisi, Meneja husikiliza. Akikuta dirisha limefungwa, asiiache bahasha getini, kwani mlinzi aliyepo sasa ni mgeni na hatufahamu. Ampe Dereva. Hupita mbele ya ofisi kila asubuhi saa moja na nusu na lori namba mbili, na hakuna haja ya kumtafuta kwa macho: tangu jana anapiga honi kuanzia kona ya kwanza mpaka ya mwisho.