Pingamizi Dhidi ya Baba Tabitha

Jumapili, 22 Septemba

Kola tatu za sare za kwaya zimekwisha. Ya nne imevunja sindano. Upepo umepuliza vumbi tangu tutoke ibadani, kitambaa cheupe kimekuwa rangi ya chai. Nimekunja kazi, nimefunika cherehani.

Baba Tabitha amekula amesimama tena. Nikamwambia kaa. Akakaa. Mume wangu huyu ametoka gerezani mwaka jana na bado anasubiri aambiwe. Akiona sare anasimama wima, hata ya mlinzi wa duka la dawa. Juzi kijana wa watu aliona aibu, akamwambia shikamoo mara mbili.

Leo kanisani wametangaza uandikishaji wa wapiga kura unaanza Jumatano, pale shule ya msingi. Baba Tabitha akanigusa kiwiko, akaninong'oneza kwamba naye atakwenda. Nilifungua kitabu, nikakosa hata ukurasa wa wimbo.

Jumatatu, 23 Septemba

Sijalala vizuri. Niandike ninachoogopa, labda kitapungua.

Alifungwa miaka mitano. Ugomvi wa maji ya majaruba ya mpunga kule Bahi, mundu mkononi, jirani akakatwa mkono. Sikatai kosa, naye hakulikataa. Kanisa nalo lilimtenga. Alipotoka, mchungaji alimsimamisha mbele ya watu wote, akaulizwa maswali, akajibu, wazee wakampa mkono mmoja mmoja. Ndipo akarudishwa kundini, akaruhusiwa meza ya Bwana. Niliona kwa macho yangu.

Sasa serikali ilimsimamisha wapi? Langoni alipewa karatasi na kuambiwa nenda. Hakuna aliyemuuliza swali. Hakuna aliyempa mkono. Mtu aliyetengwa akijipenyeza mezani kabla hajarudishwa anajitafutia balaa, hilo kila mkristo wa hapa Chang'ombe analijua. Serikali nayo ni hivyohivyo, tena yenyewe ina pingu.

Mama Gift, anayekaanga vitumbua pembeni ya baraza langu, anasema mashine inachukua vidole vyote. Na gerezani walimchukua vidole vyote. Kwa hiyo mashine itamtambua. Mama Gift hana ubaya, ila mdomo wake haupumziki, na maneno yake yananiganda kama ugali wa moto.

Jumatano, 25 Septemba

Amekwenda. Nimemsindikiza, mimi kadi ninayo tangu zamani.

Alivaa shati la Jumapili. Ukutani pale shuleni pamebandikwa tangazo: kujiandikisha bila kuwa na sifa ni kosa, adhabu faini au kifungo. Nilisoma neno kifungo, nikarudia kulisoma. Nikamwonyesha. Akasema ameliona. Akaendelea kusimama kwenye foleni kama mtu anayesubiri sukari.

Mashine ilimkataa vidole gumba. Nilijua ndiyo imekwisha. Nikashika mlango. Kumbe ni sugu tu za jembe. Yule binti mwandikishaji akampa kitambaa chenye maji, akafuta, akabonyeza tena, ikakubali. Picha, sahihi, kadi ikatoka.

Alikaa kwenye dawati la watoto akaisoma kadi yake, jina lake, tena na tena. Alitabasamu. Tabasamu lile sijaliona tangu Tabitha aolewe. Ningefurahi naye. Sikuweza. Njia nzima nilikuwa nageuka nyuma.

Jumamosi, 28 Septemba

Gari limesimama nje mchana, nikajua ni polisi. Nikamwambia Baba Tabitha apitie nyuma, aruke ua wa michongoma. Akanitazama. Lilikuwa gari la mchanga wa jirani.

Nina aibu. Na bado naogopa.

Jumatano, 30 Aprili

Muda mrefu sijaandika. Mvua zilikuja kiasi, uwele wa Bahi tumevuna magunia machache, baridi imeanza asubuhi. Hofu ilikuwa imelala. Nilidhani imekufa.

Jana wamepita na kipaza sauti. Daftari la awali la wapiga kura litabandikwa ofisi ya kata, kila mtu akakague jina lake. Na anayemjua mtu asiye na sifa aweke pingamizi. Mama Gift akaanza kuwataja: marehemu, wahamiaji, wafungwa. Alipofika kwa wafungwa akageukia kikaango.

Sijala.

Ijumaa, 2 Mei

Nimekwenda peke yangu. Nimemwambia nafuata uzi.

Karatasi zimejaa ukuta mzima wa ofisi ya kata. Jina lake lipo. Limeandikwa vizuri, majina yote matatu. Pembeni yangu alikuwepo mzee mmoja simjui, anapitisha kidole jina kwa jina, polepole, kama anachambua mchele. Kidole kikafika kwa Baba Tabitha. Kikasimama. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaendelea chini. Nilikuwa nimelowa jasho, na asubuhi ilikuwa ya baridi.

Ndipo nikawaza. Huyu hajasema. Kesho atakuja mwingine anayemjua, atasema, na mgeni akisema watakuja na gari. Lakini nikisema mimi, kwa upole, watalifuta jina tu. Atapoteza kadi, hatapotea yeye. Kanisani ukimweleza mzee wa kanisa jambo la mtu, analimaliza kimyakimya na jina lako halitajwi. Nikaona ni njia hiyohiyo.

Nikaingia ndani. Dada wa mapokezi akanisikiliza, akanijazia fomu ya pingamizi, nikaweka sahihi. Hakuniuliza yule mtu ni nani wangu. Nami sikusema. Akaniambia nitaitwa.

Nimefanya vizuri. Naandika tena: nimefanya vizuri. Mwandiko huu si wangu.

Jumamosi, 3 Mei

Sikufanya vizuri.

Mjumbe wa mtaa ameleta wito. Baba Tabitha anatakiwa ofisi ya kata Jumatatu, amewekewa pingamizi. Mjumbe amenyanyua mabega, jina la aliyelalamika hajaambiwa. Akanigeukia na mimi, akasema nimeitwa siku hiyohiyo, bila shaka kama shahidi wa mume wangu. Nikasema bila shaka.

Nilimuuliza mlangoni, kwa sauti ya chini, mambo haya yanakwendaje. Akasema yanasikilizwa hadharani. Mlalamikaji anasimama, anayelalamikiwa anasimama, wanaangaliana.

Baba Tabitha amekaa kwenye kigoda mchana kutwa. Amekunja blanketi pembe nne, akalikunjua, akalikunja. Alikuwa ameacha tabia hiyo ya gerezani. Amehesabu kwa sauti watu wanaoweza kumchukia. Yule wa Bahi. Yule tuliyegombana naye mpaka wa ua. Akafika kwa Mama Gift, akabaki hapo. Akaniuliza mimi namdhania nani.

Nikasema sijui.

Jumapili, 4 Mei

Sikwenda mezani leo. Yeye alikwenda. Nilimwona mgongo, shingo imeinama, nikatamani ardhi inimeze.

Tukirudi, Mama Gift alitusalimia, Baba Tabitha akapita kama hajasikia. Mama Gift akanifuata, ananiuliza amemkosea nini mume wangu. Nikamwambia kichwa kinamuuma. Mwanamke yule aliniletea vitumbua kila Ijumaa nilipokuwa peke yangu, miaka yote mitano, na leo anabeba mzigo wangu bila kujua.

Jioni niliamua kumwambia. Nilifungua mdomo kweli. Nikasikia namwambia aongeze mlenda.

Ninaogopa kesho kuliko nilivyoogopa siku ile ya hukumu. Siku ile kosa halikuwa langu.

Jumatatu, 5 Mei

Nitaandika yote, hata kama nitachelewa kuwasha jiko.

Tulikwenda pamoja. Alitembea mbele. Ofisi ilikuwa na watu, wengine mambo ya anwani, wengine marehemu wao. Afisa ni dada wa makamo, mpole, ana kikohozi. Tulimwamkia, akaitikia na kutuonyesha benchi. Baba Tabitha akabaki amesimama.

Akaita shauri letu. Akasoma jina la anayewekewa pingamizi. Akasoma sababu: aliwahi kufungwa. Mtu nyuma yangu akaguna. Akasoma jina la mweka pingamizi. Langu. Lote, na la baba yangu.

Baba Tabitha hakugeuka mara moja. Aliendelea kumtazama yule dada, kama anangoja asome tena, kwamba amekosea mstari. Kisha akageuka. Sitaandika alivyonitazama.

Dada akatuuliza kama tunafahamiana. Baba Tabitha akasema, "Ni mke wangu." Chumba kizima kikageuka. Hata wale wa marehemu.

Nikaulizwa kwa nini. Nilikuwa nimeandaa maneno, yakapotea yote. Nikasema, "Naogopa watamrudisha." Hayo tu. Nikaanza kulia, na nilikuwa nimejiapiza sitalia.

Dada akakohoa, akaningoja mpaka nikatulia. Akaniuliza nani aliniambia mtu aliyemaliza kifungo hana haki ya kupiga kura. Nikasema hakuna, nilidhani tu, kwa sababu hakuna aliyemrudisha. Hakunielewa. Nikamweleza habari ya kanisani, kusimamishwa, maswali, kupewa mkono. Hakucheka. Akasema huku hakuna siku ya kurudishwa, mama. Anayezuiwa ni yule anayetumikia kifungo. Akimaliza, amemaliza, anajiandikisha kama mtu mwingine yeyote. Hajadanganya mtu, hakuna kosa, hakuna gari litakalokuja. Akasema ninaweza kuliondoa pingamizi sasa hivi, tuende zetu nyumbani.

Nikasema naondoa. Nilisema haraka, nilishanyoosha mkono kuchukua kalamu.

Baba Tabitha akasema, "Naomba asiondoe. Naomba uamue."

Dada akamwambia, mzee, mkeo anaondoa, limekwisha. Akakataa. Alisema kwa sauti ambayo sijaisikia nyumbani kwangu tangu atoke. Kwamba likiondolewa, kesho atakuja mwingine na neno lilelile, na kesho kutwa mwingine. Yeye anataka lisemwe leo, mbele ya hawa, kama yumo au hayumo.

Dada akavaa miwani. Akaandika muda mrefu. Akasoma: pingamizi limekataliwa, jina linabaki kwenye daftari. Akamuuliza kama ana swali. Akasema hana, amesikia. Hakupewa mkono. Jina linalofuata likaitwa, tukapisha.

Yumo. Miezi yote hii alikuwa yumo.

Njiani alitembea mbele tena. Alipofika kwa Mama Gift alisimama, akamwomba radhi kwa jana. Mama Gift akashangaa, akampa kitumbua. Akakila pale pale. Mimi hakuniongelesha.

Jumanne, 6 Mei

Hasemi.

Jumatano, 7 Mei

Amesema. Nilikuwa napepeta mchele, akaja akasimama kizingitini.

"Mama Tabitha, kule gerezani nilijua wa kumwogopa ni nani."

Akaondoka kwenda kumwagilia mchicha. Hakupandisha sauti, wala hakuacha kumwagilia mpaka tuta la mwisho. Nimeketi na ungo mapajani mpaka kuku wakaja kuula mchele, nisiwafukuze. Ningependa anitukane. Ningependa avunje kitu.

Nimetumia miezi kuogopa polisi, mashine, mzee wa miwani, gari la mchanga. Leo naogopa mlango wa chumba changu usifunguke. Anaingia lakini, analala, anageukia ukuta. Asubuhi ananiuliza nimeamkaje. Najibu salama.

Jumapili, 11 Mei

Nimemwomba msamaha, asubuhi, kabla ya ibada. Nimepiga magoti kabisa. Akaninyanyua, akasema amesamehe, tusichelewe. Amesema kweli, yeye si mtu wa kusema uongo. Lakini alinishika mkono juu ya kiwiko, kama anavyomsaidia mama wa watu kupanda ngazi.

Kanisani alikaa mbele na wanaume. Anasalimiana na watu siku hizi. Mtu wa mtaa amemwomba aingie kamati ya maji. Amekubali.

Jumapili, 18 Mei

Nimefua nguo za wiki. Jua zuri, upepo kidogo.

Katika nguo zake kuna shati la kijivu, lile lisilokuwa na mfuko. Sasa lina mfuko, kwa ndani, upande wa kushoto, wa kutosha kadi. Si kazi yangu. Ni ya yule fundi wa karibu na kituo cha mafuta, namjua kwa kushona, anavuta uzi mno na kona zake zinapinda. Baba Tabitha amepita mbele ya cherehani yangu, shati likiwa mkononi, akaenda mpaka kule, akalipa.

Nilitafuta wembe. Kufumua na kushona upya ni kazi ndogo, asingejua. Nikaurudisha wembe kwenye kopo.

Nimelianika, limekauka. Nimelipiga pasi, na ule mfuko nao, hivyohivyo na kona zake, nikalitundika upande wake wa kabati.