Mlango wa Wakamwana

Mpenzi Mama Lusajo,

Mvua ya leo hapa Suma ni ile nyembamba isiyokoma, nami nimeshindwa kutoka. Nimefungua daftari la mihtasari ya chama chetu cha kahawa. Unajua ninasoma ukurasa gani.

Unakumbuka uchaguzi wa kwanza baada ya uhuru? Katiba ya chama ilitaka kura ya siri, nasi hatukuwa na masanduku. Tukaweka vibuyu viwili nyuma ya pazia, kimoja cha baba yangu aliyegombea uenyekiti, kimoja cha mpinzani wake, na kila mwanachama akapewa harage moja. Ninyi wakamwana mliingia kwa mlango wa nyuma wa ukumbi, ule wa upande wa migomba, wazee wakiwa wamekwisha kutoka. Wajukuu hushangaa nikiwaeleza kwamba kwetu Wanyakyusa mke hakutani na baba mkwe. Akimwona njiani, huiacha njia. Bila mlango ule msingekuwa na kura. Jioni nikakuuliza umemchagua nani.

"Katibu mzima unavunja katiba nyumbani kwako?" ulinicheka. "Kaulize kibuyu!"

Miaka michache baadaye watu walikuwa wamemchoka baba, na yeye alijua kwamba vibuyu vitamkataa. Siku ya mkutano akatutoa ukumbini, akasimama uwanjani.

"Mambo ya kufichana basi," akasema. "Sasa ni ujamaa, sisi ni ndugu. Kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka."

Mkajifunika khanga vichwani, mmoja mmoja mkarudi nyuma hadi migombani. Hakuna aliyewafukuza. Heshima yenu wenyewe ndiyo iliyowaondoa, na baba alilijua hilo tangu alfajiri.

Mzee mmoja akaniita, "Katibu, katiba inasemaje?"

Kifungu nilikijua kwa kichwa. Nikamtazama baba. Nikajibu, "Kwa leo tu, mzee. Mvua inakuja."

Baba akashinda. Nikaandika: *Wanachama wote wamekubali.*

Nyumbani uliweka chakula mezani, hukukaa.

"Wote? Mimi nilikuwa migombani, Baba Lusajo. Nilikuona. Mvua ilipoanza ulijifunika katiba kichwani."

Ile "leo tu" haikwisha, mke wangu. Mwaka uliofuata hakuna aliyetundika pazia. Kisha hata mistari ikaachwa. Yakawa yanasomwa majina, tunapiga makofi. Mlango wenu ukaegemezwa magunia, halafu ukapigiliwa misumari. Siku lilipokuja tangazo kwamba chama kimevunjwa, nilingoja mtu aulize katiba inasemaje. Yule mzee alikuwa amekwisha kufa. Tukapiga makofi, kwa mazoea tu.

Jioni ile nilikukuta kitandani, ugonjwa umekumaliza. Ukaniuliza, "Mmepiga kura?" Nikasema hapana. Ukageukia ukutani. Ningepewa tena siku moja tu ya maisha yetu, nisingechagua ya harusi. Ningechagua ile ya uwanjani, nimjibu yule mzee.

Leo nilishika kalamu nilikate lile neno "wote". Nikakumbuka kifungu kingine: muhtasari uliokwisha kupitishwa haubadilishwi ila kwa kura ya wanachama. Wanachama hawapo tena, wala vibuyu. Safari hii nimeitii katiba. Neno nimeliacha lilivyo, nikakuandikia wewe.

Ndaga, asante, mke wangu, kwa kunicheka siku ile ya kibuyu. Migomba ya kaburini pako nimeipalilia jana.

Mumeo,
katibu aliyeandika "wote"